Mwezi Aliouapia Bakar

Mtambile, Pemba
20 Rajabu (9 Januari)

Asma mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili, na kheri unazotuombea zikurudie wewe na nyumba yako huko Maskati. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Mwatum ana mafua, anapiga chafya tangu juzi mpaka nimemwambia ahamie uani. Kuku wako yule wa kijivu, uliyetuachia tumtunze, kaliwa na kicheche, na sasa kicheche kajua njia, basi nahisi hatobakisha hata jogoo. Karafuu msimu huu si za kutaja. Mimi sikuukwea mkarafuu hata mmoja, nilikaa jamvini na wanawake kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake, nao wakanicheka kweli kweli. Wanasema eti napapasa karafuu kama mtu anayetafuta chawa.

Zile katoni mbili za sigara ulizompa Gulam zimefika salama. Kaniletea mwenyewe kutoka dukani kwake Mkoani mpaka mlangoni, na kofia kichwani, kama anayeleta posa. Ahsante sana. Sigara za huko nzuri, hazikwaruzi koo kama hizi zetu.

Kuhusu mlango huo, nimemtia Haitham fundi seremala anifanyie mlango mpya wa mbele. Kazi ovyo! Mwimo wa kulia umepinda pale katikati, umeingia ndani kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nimemng'olesha mara mbili. Yeye anaupima kwa timazi, ananiambia, "Mzee Bakar, umenyooka huu." Mwatum naye anatazama, anasema umenyooka. Siku hizi hakuna kazi wala hakuna haya, mtu anakukodolea macho na kukwambia kilichopinda kimenyooka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nataka uniletee miwani ya kusomea, iliyo kali. Nikifungua msahafu, maneno ya pembeni nayaona, yale ya katikati yanakimbia. Ndiyo maana unaona naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Jambo hili liwe baina yetu mimi na wewe. Simu ya Mwatum siitaki, kwa sababu neno ukilisema humo linasikika mpaka barazani kwa jirani yetu Shaame, na zile sauti unazotuma anazifungulia jikoni, wanasikia mpaka wapita njia.

Ramadhani iko mlangoni, Asma. Unajua watu wa hapa siku ya kuandama mwezi wanamtazama nani. Walimtazama babu, wakamtazama baba, na sasa ni miaka na miaka wananitazama mimi. Sitaki kusikia Bakar kavaa miwani.

Nduguyo wa tumbo moja,
Bakar


Maskati
25 Januari

Kaka yangu Bakar, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikacheka kwa Haitham na timazi lake, halafu sikucheka tena. Sisi huku tuko salama. Mamavyaa sukari inamsumbua, nampeleka kliniki kila wiki. Mwanangu Yumna kajifungua mtoto wa kiume, alhamdulillahi, na mtoto ana paji la uso la baba yetu, hata mume wangu kasema. Mpe Mwatum salamu, mwambie anywe tangawizi na aache maji ya barafu.

Miwani sikununua. Usinune, nisikilize kwanza. Nilikwenda dukani, nikamweleza yule bwana wa miwani mambo yako yote, nikamwambia na la mlango. Nilidhani atacheka. Akaweka chini kalamu yake, akaniuliza, "Ana umri gani huyo nduguyo?" Nikamwambia amevuka sitini. "Anavuta sigara?" Nikamwambia kidogo. Akanitazama. Akasema anayeona mistari iliyonyooka imepinda hahitaji miwani, anataka daktari, na anamtaka upesi.

Kanipa karatasi hii ya miraba nimeitia ndani ya bahasha. Funika jicho moja, tazama nukta ile ya katikati, halafu fanya hivyo hivyo kwa jicho la pili. Mistari ikipinda au pakiwa na doa, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Hayo ndiyo maneno yake, mimi sikuongeza wala sikupunguza.

Mzigo nimempa Nahla, binti wa Mama Mdogo, anarudi Unguja na atampa mtu wa boti. Ndani ya mfuko mna tende, kahawa, kanga mbili za Mwatum, na vile vyako vya kawaida.

Kaka, na ukipata nafasi, punguza kuvuta.

Mdogo wako,
Asma


Mtambile
20 Shaabani (8 Februari)

Asma mdogo wangu,

Hongera ya mjukuu. Mungu amkuze, awe na paji la baba na asiwe na hasira zake. Mwatum kapona mafua. Kicheche kamaliza kuku wote, banda sasa limebaki makuti matupu. Shaame anakusalimu, kasema umwambie mumeo amtumie ile dawa ya mgongo. Shaame yule yule, analalamika mgongo toka tulipokuwa madrasa.

Mfuko umefika na kila kilichomo. Kahawa tumeshainywa nusu.

Karatasi yako nimeiona. Ilikunjika njiani, dada, boti ya Mkoani unaijua mizigo inavyorundikwa. Mistari yote ya katikati ilikuwa imejikunyata. Nikampa Mwatum aipige pasi. Akaipiga, akairejesha, bado imejikunyata. Yeye anasema imenyooka. Nimeitia chini ya godoro.

Usinitie hofu bure. Tabibu wa kituo cha afya hapa kanimulika kwa tochi, kasema huenda ni mtoto wa jicho, watu wa umri wangu wanao wote. Madaktari wa macho wanakuja baada ya Sikukuu, wataniondolea, basi. Bi Mwanapili si aliondolewa? Leo anatunga uzi kwenye sindano bila ya kuomba msaada, na anatuona sote madhambi yetu. Na mimi ndivyo nitakavyokuwa.

Hilo la sigara nalo sikulifahamu. Moshi unaingia kifuani, machoni unaingilia wapi? Babu alivuta kiko mpaka siku anakata roho, na mwezi aliuona mwaka ule ule. Mimi zangu ni mbili tatu, baada ya chakula. Hata si uvutaji huo.

Kuna vijana hapa wanataka kuleta darubini ya kuazima Chake siku ya mwezi. Wameniletea habari hiyo kwa adabu, wamekaa chini, "Mzee Bakar unaonaje." Nikawaambia leteni, na mkimaliza kuifungua mtaniuliza mimi uko wapi. Walicheka wote. Imamu naye alicheka. Nakwambia, watu wa hapa redio wanaisikiliza, lakini macho wanayaamini ya nyumba yetu. Hili si jambo la kuacha kwa sababu ya karatasi iliyokunjika.

Ulipiga simu juzi, nimeambiwa. Nilikuwa shamba.

Bakar


Maskati
22 Februari

Kaka Bakar, shikamoo, na Ramadhani karimu.

Shamba gani usiku wa saa tatu? Nimepiga mara nne. Mara moja Mwatum akakupa simu mkononi, ukasema "mzima, mzima, tunashukuru," ukakata. Basi nami nimekaa nakuandikia kwa hasira, na swaumu hii Mungu anisamehe.

Jamaa wote wazima. Mjukuu analia kama kapewa mshahara wa kulia. Nimemaliza habari za nyumbani, sasa nisikilize.

Nimemuuliza daktari mwenyewe, pale kliniki ninapompeleka mamavyaa. Nimemngoja mpaka akamaliza wagonjwa wake. Kanieleza pole pole, na mimi nakueleza wewe. Ugonjwa wa mtoto wa jicho uko mbele, ni kama kioo cha dirisha kilichochafuka, kinafuta kila kitu kwa pamoja. Haupindishi mlango. Kinachopindisha mlango kiko nyuma ya jicho, pale katikati panaposomea na kutambua sura za watu. Mishipa midogo inachipua pasipo pake, inavuja maji na damu, na pale panapovujiwa panakufa. Mtu anabaki anaona pembeni, katikati hamna. Ikiwahiwa kuna sindano wanayochoma ndani ya jicho, wanakutia ganzi kwanza, usiogope. Ikichelewa hakuna sindano wala dua ya daktari. Si miezi, kaka. Kasema ni wiki.

Na sigara umeuliza inaingilia wapi. Inaingilia kwenye damu. Moshi unaingia kifuani, kifua kinaupa damu, na damu inafika kila pahala, na mishipa ya jicho ni myembamba kuliko nywele. Kasema maradhi haya wanayapata na wasiovuta, uzee nao unayaleta, lakini wavutaji wanayapata zaidi mno, na mapema zaidi. Hata huo ugonjwa wa mtoto wa jicho unaoutaka wewe, wavutaji unawawahi. Babu alivuta na akaona, sawa. Wangapi wamevuka barabara wamefumba macho na hawakugongwa?

Nimeshazungumza na Nahla, atakupokea bandarini Unguja, atakupeleka hospitali kubwa, utalala kwake. Panda boti. Usingoje Sikukuu, usingoje madaktari wa kuja. Na mwezi wa Sikukuu mwachie mwengine, mwambie imamu una homa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kitakuwa changu.

Barua hii anaichukua Gulam, anaondoka Alkhamisi, itakufikia ndani ya wiki.

Acha sigara. Sikwambii punguza tena.

Asma


Mtambile
9 Mfunguo Mosi (29 Machi)

Asma,

Barua yako imenifika jana. Gulam alipofika Dar aliugua, akalazwa, akakaa kwa ndugu zake mwezi mzima na barua yangu ndani ya sanduku lake. Alikuja kaniomba radhi, kakonda, masikini. Sikuweza kumkasirikia. Nimeisoma kidogo kidogo, kwa kuigeuza pembeni, imenichukua siku nzima na nusu ya usiku. Mwatum hakuiona.

Nakutakia baraka ya Sikukuu iliyopita. Mwatum mzima. Shaame mgongo.

Sasa nitakueleza jambo ambalo sijamweleza kiumbe.

Mwezi wa kufungia ulifichwa na mawingu, tukafuata redio. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani watu walijaa kiwanja cha skuli, na darubini yao wameisimamisha. Mawingu yalikuwepo, si mengi. Jua likazama. Imamu akaja akasimama nyuma yangu kama kawaida. Shaame kasimama kulia kwangu, vile vile kama kila mwaka. Nikatazama juu ya ile mikarafuu ya magharibi, nikatazama, sikuona kitu, nikawa nageuza kichwa. Halafu nikauona. Wallahi Asma, niliuona. Kipande cheupe, kimepinda, kimelala chali juu ya miti, kinang'aa. Nikanyoosha kidole. Nikasema, "Ule pale."

Wakatazama. Kijana wa darubini akasema haoni. Imamu akasema, "Unaapa, Bakar?" Nikaapa. Imamu akasema ya Sikukuu yanataka mashahidi wawili, nani mwengine kauona? Shaame akaniwekea mkono begani, akakifuata kidole changu kwa macho, akasema, "Nimeuona na mie." Akaapa. Unamjua Shaame, yule hata mwezi wa kumi na nne anauona kwa kuambiwa. Lakini kaniona mimi nimeuona, na hilo kwake likawa ni kuona.

Redio ikasema mwezi haujaandama, kesho watu wafunge. Pale kwetu wakacheka. Tukapiga takbira. Asubuhi yake Pemba nzima imefunga na sisi mtaa mmoja tunakula pilau.

Adhuhuri ya siku hiyo hiyo nilijilaza chumbani. Nimeshiba, nimevuta, nimelala chali natazama ukuta. Nikauona. Mwezi ule ule, Asma. Mweupe, umepinda, umelala chali, juu ya ukuta wa chokaa, saa saba ya mchana. Nikafumba macho nikafumbua, upo. Nikatazama dari, ukaja darini. Nikatazama mlango, ukaja mlangoni. Kila ninapolipeleka jicho langu la kulia unakwenda nalo. Nikalifunika, ukapotea.

Nilikaa kitandani mpaka alasiri. Nilikuwa nasikia watoto nje wamevaa nguo mpya.

Jioni yake watu wa Pemba yote wakauona mwezi kweli. Mwembamba kama uzi, umegusa miti. Wa kwetu ulitakiwa uwe wa siku ya pili, umenenepa na uko juu. Watu wakatazamana. Hakuna aliyenisemesha. Kuna siku moja ya Ramadhani mtaa mzima wameila kwa kiapo changu, wanawake, wazee, wote, na mimi nanyamaza. Sikusema uongo, niliona. Lakini nilichokiona hakikuwa mbinguni. Sasa hiyo inaitwaje?

Niambie nifanye nini. Nikisimama mbele yao nikasema macho yamekufa, nyumba yetu imekwisha. Nisiposema, Mungu anaona. Nangoja barua yako, nitafanya utakalosema.

Na hayo ya sigara umeyaandika kwa ukali mno. Nimekusikia. Lakini mimi hizo sigara sikwenda kuzichuma mtini. Kila msafiri wa Maskati kanishushia katoni mbili, miaka kumi na zaidi, na salamu zako juu yake. Hilo hukumuuliza daktari?

Nduguyo,
Bakar


Maskati
8 Aprili

Kaka Bakar,

Shikamoo. Sote wazima. Simngoji Gulam kwa barua hii, nampa mtu wa ndege anayefika Unguja kesho. Leo nimempigia Mwatum mara tatu, na mara zote kasema umelala. Najua umekaa pembeni yake unamkonyeza. Mwatum hawezi kuongopa, sauti yake inakuwa ndogo.

Wambie. Ijumaa ya kwanza ukishaipata barua hii, simama uwambie. Siku moja inalipika. Wewe uliona na hukujua, Mungu hakuchukulii hilo, lakini sasa umeshajua, na kila siku unayoinyamazia ni yako. Mwanzie Shaame. Yeye kaapa kwa ajili yako, mtoe kwenye kiapo hicho upesi, kwani sisi sote watu wazima na hakuna anayejua asubuhi yake.

Halafu nenda Unguja. Jicho la kulia sijui. La kushoto bado unalo.

Nyumba yetu haikuwa macho, kaka. Nyumba yetu ilikuwa kwamba tukisema tumeona, tumeona.

Nimeisoma barua yako yote mpaka mwisho. Hilo la mwisho silijibu.

Asma


Mtambile
20 Mfunguo Pili (8 Mei)
Kwa mkono wa Mwatum

Asma mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa Mwatum, na maneno ni yangu. Sasa anajua yote, sina cha kumficha, kalamu siioni inapokwenda. Anakuamkia. Haitham fundi naye anakuamkia, yumo humu ndani anatengeneza meza. Nimeupapasa ule mwimo wa mlango kwa viganja, toka chini mpaka juu. Umenyooka. Nimemwomba radhi, kasema, "Mzee Bakar, mbona yamekwisha hayo."

Barua yako ilifika siku ya Jumatano. Shaame tulikuwa tumemzika Jumapili.

Hakuugua. Alisali alfajiri, akarudi, akasema mgongo unamuuma leo zaidi, akajinyoosha. Mkewe alipokwenda na chai akakuta kimya. Mimi nilikuwa nangoja barua yako, Asma. Kila siku nilikuwa nakaa naye barazani, nasema moyoni, barua ikija nitamwambia. Kafa akiamini kauona mwezi. Kafa na siku ya Ramadhani shingoni, na kiapo, na vyote viwili ni mimi niliyempa.

Ijumaa nikasimama. Imamu alinishika mkono kunipeleka mbele, kwa sababu nilikuwa nakwenda upande wa mlango. Nikawaambia kila kitu, la ukutani pia. Sikuziona nyuso zao, na nilishukuru. Halafu nikasikia mzee mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Na baba yake je?" Asma, hilo ndilo lililonikata. Sasa wanahesabu nyuma, miezi yote ya baba, miezi yote ya babu. Bi Mwanapili alinisimamisha njiani akaniambia, "Mimi nilikuwa na macho yangu mazuri, nimekula mchana wa Ramadhani kwa macho yako mabovu." Wameshalipa siku hiyo, karibu wote. Salamu wananipa. Barazani nikifika mazungumzo yanabadilika.

Siku ya Shaame niliilipa mimi. Imamu kasema warithi wakiniruhusu nimfungie, na mjane wake akaniruhusu. Nikafunga, nikaenda kufuturu kwake. Tukakaa uani, tende mbele yetu. Nikamuuliza, "Jua limekuchwa?" Akasema, "Bakar, leo unaniuliza mie?" Akaanza kulia. Alisubiri mpaka adhana ikasikika, akanitia tende mkononi.

Unguja nimekwenda na Mwatum. Nahla kanipokea, kanishughulikia kama babake, Mungu amlipe. Daktari alikuwa kijana, mpole, akanikalisha, akanipiga picha ya nyuma ya jicho, akamwonesha Mwatum. La kulia limekufa katikati, limeota kovu, hakuna sindano. Akasema ningekuja siku zile mlango ulipopinda, ingekuwa habari nyengine. La kuvunda halina ubani. La kushoto limeanza, limevuja kidogo. Kanichoma sindano moja, nitarudi kila mwezi kwa boti. Kasema hili linaweza kubaki, kwa sharti. Akanivuta mkono, akaniambia, "Mzee, sindano naweza kukuchoma mimi. Sigara huwezi kuachiwa na mtu." Kasema nikiendelea kuvuta, anachozuia yeye kwa sindano mimi nakirudisha kwa moshi.

Basi jua ya kuwa nimeacha. Toka siku ile sijaitia mdomoni. Katoni mbili zilizobaki nimezifunga, anakuja nazo Gulam, anakurejeshea wewe. Usinielewe vibaya, sikurudishii lawama. Ulinipenda na ulinipelekea nilichokipenda. Lakini sikuweza kuzitupa, na kuzigawa ni kumpa mwengine maradhi, nikaona bora zirudi zilikotoka. Zitupe wewe unayeona.

Mwezi wa Mfunguo Pili ulipoandama watu walikwenda kiwanjani, na mimi nilibaki nyumbani na Mwatum. Vijana waliuona kwa darubini, tukasikia kelele. Mwatum akanigusa begani, akaniuliza kama nataka kutoka kuutazama. Nikamwambia mimi ninao humu, haujazama toka Ramadhani.

Niombee hili la kushoto.

Nduguyo,
Bakar

Shangazi Asma, shikamoo. Haya ya chini ni yangu, sikumsomea. Yeye kasema niandike ameacha, nimeandika. Kasema katoni ni mbili, nimeandika mbili. Atakayokuletea Gulam ni moja, ya pili nimeitafuta nyumba nzima sikuikuta. Kila alasiri ananiambia anakwenda kutazama banda la kuku, na kuku hatuna hata mmoja toka kicheche alipowamaliza. Anapapasa ukuta mpaka nyuma ya banda, anasimama kule. Nami nakaa hapa jikoni natazama moshi unapanda juu ya makuti. Nauona mimi, anauona Haitham, na wapita njia wanauona. Baba peke yake ndiye haoni.